Mchagua Jembe Ndiye Mkulima

Wahenga walisema mchagua jembe si mkulima. Methali hii tumeimeza tangu utotoni bila kuitafuna. Kijana akilalamika kwamba mpini ni mfupi, anaambiwa mchagua jembe si mkulima. Mama akisema shoka hili halinifai, anaambiwa hivyo hivyo. Mwanafunzi akikabidhiwa jembe lililolegea ili akatumikie adhabu, hathubutu hata kufungua kinywa, maana jibu analijua. Kwa heshima zote ninazowapa wahenga, nakusudia hapa kuipinga methali hii mchana kweupe. Huenda wao walikuwa na maana yao, ya kumkemea mvivu anayetafuta kisingizio. Sisi tumeifanya kuwa sheria ya kudharau maarifa. Nasema kinyume chake: mchagua jembe ndiye mkulima, mchagua shoka ndiye mpasuaji, na asiyechagua ni mtu anayejiumiza tu.

Naandika haya nikiwa Vugiri, katika milima ya Usambara Magharibi, wilaya ya Korogwe. Asiyepafahamu na apapate hivi: chini kabisa ni bonde la mto Pangani na tambarare za mkonge, zao ambalo Mjerumani Richard Hindorf alilileta mkoani kwetu mwaka 1893, juu ni sisi, kwenye ukungu, chai, migomba, mahindi na maharage yaliyopandwa kwenye miteremko ambayo mgeni akiitazama huuliza mkulima anasimamaje. Katika nchi ya namna hii hakuna linalofanyika bila kitu cha chuma kilichofungwa kwenye kipande cha mti, kikainuliwa na kushushwa. Jembe, shoka, panga, sululu, na nyumbani mchi wa kutwangia. Tangu alfajiri hadi jioni huku kwetu ni kuinua na kushusha. Kwa hiyo ningetegemea kwamba kama kuna mahali duniani ambapo watu wangeheshimiwa kwa kujua elimu ya kupiga, pangekuwa hapa. Sivyo ilivyo. Kazi hiyo tumeiita kazi ya nguvu, na anayeifanya tumemwita mtu wa nguvu, yaani, kwa lugha ya mkato, mtu asiye na akili.

Hebu kwanza nikupeleke mbali kidogo, ndugu msomaji, kisha turudi.

Wamarekani wana mchezo wao uitwao besiboli. Mtu mmoja hurusha mpira mdogo wa gramu 145 hivi, mwingine husimama umbali wa mita 18 na kujaribu kuupiga kwa gongo (si gongo lile la kunywewa vichochoroni, bali rungu refu la mti, lililochongwa likawa jembamba mkononi na nene mbele). Mpira wa kasi humfikia mpigaji kwa muda usiotimia nusu sekunde. Mchezo huu si mgeni kabisa katika Afrika Mashariki. Mwaka 2012 watoto wa Lugazi, Uganda, mji uliozungukwa na mashamba ya miwa, walifika Williamsport, Pennsylvania, wakawa timu ya kwanza ya Afrika kucheza katika mashindano ya dunia ya watoto wa besiboli. Hapa Tanzania pia umeanza kuchezwa katika baadhi ya shule.

Lakini kilichonivuta mimi si mchezo, ni heshima waliyolipa lile gongo. Mwaka 1987 mkuu wa ligi moja kubwa huko Marekani alimteua profesa wa fizikia wa Chuo Kikuu cha Yale, Robert Adair, awe mwanafizikia wa ligi, na mwaka 1990 profesa huyo akatoa kitabu kizima juu ya fizikia ya mchezo huo. Mwezi Machi 2025 timu ya New York Yankees iliwafunga wenzao wa Milwaukee mabao 20 kwa 9, na katika mchezo huo mmoja ikaupiga mpira nje ya uwanja mara tisa. Baadhi ya wapigaji wake walikuwa na magongo ya umbo jipya, ambayo unene wake umesogezwa nyuma kidogo kuelekea mikononi, mahali ambapo mpigaji huyo hasa huugonga mpira mara nyingi. Aliyebuni umbo hilo, Aaron Leanhardt, ana shahada ya uzamivu ya fizikia kutoka chuo cha MIT, na aliwahi kufundisha somo hilo chuo kikuu. Magazeti ya dunia yakaandika kwa wiki kadhaa. Msomi wa shahada ya uzamivu kukaa chini na kufikiri jinsi ya kuchonga kijiti!

Wala simcheki. Nampongeza. Ninachouliza ni hiki: kama kuchonga rungu la kuchezea ni kazi inayostahili msomi wa namna hiyo, je, kuchonga mpini wa jembe linalolisha watu mamilioni ni kazi inayostahili dharau? Maana fizikia ni ileile. Haijui Marekani wala Vugiri, haijui mchezo wala kazi. Acha nioneshe.

Jambo la kwanza ni uzito na kasi. Watu wengi hudhani shoka zito ndilo lenye nguvu. Kumbe nishati ya kitu kinachokwenda hupatikana kwa nusu ya uzito wake kuzidishwa na kasi yake, kisha kuzidishwa na kasi hiyo mara ya pili. Maana yake ni kwamba ukiongeza uzito mara mbili, kasi ikabaki ileile, unapata nishati mara mbili. Lakini ukiongeza kasi mara mbili, uzito ukabaki uleule, unapata nishati mara nne. Chukua shoka lenye kichwa cha kilo moja na nusu. Likifika kwenye gogo kwa kasi ya mita 10 kwa sekunde, linabeba nishati ya jouli 75. Ungeliinua tu mita moja na nusu na kuliacha lianguke lenyewe, lingefika na jouli 22 hivi. Zilizobaki, zaidi ya theluthi mbili, zimetoka kwako. Sasa mpe mtu yuleyule shoka la kilo tatu. Hataweza kulipeleka kwa kasi ileile. Litamchelewesha, litamchosha, na kufikia pigo la hamsini atakuwa anadondosha, si anapiga. Wacheza besiboli nao wamepitia njia hiyohiyo. Babe Ruth, bingwa wao wa miaka ya 1920, alijulikana kwa magongo mazito ya zaidi ya kilo moja. Wapigaji wa leo wengi hushika gongo la karibu gramu 900.

Je, shoka jepesi basi ndilo bora siku zote? La hasha. Kupasua gogo kunataka kichwa kizito chenye mashavu manene, kinachotanua mti. Kukata matawi kunataka kichwa chepesi chenye makali membamba. Na huko ndiko kuchagua ninakokutetea. Asiyechagua atapasulia shoka la kukatia, likwame. Au atakatia shoka la kupasulia, achoke kabla ya saa nne.

Jambo la pili ni mahali kasi inapotoka. Mtazame mpasuaji mzuri wa magogo ya mkaratusi. Anapoinua shoka, mkono wake wa juu uko karibu na kichwa cha shoka. Linapoanza kushuka, mkono ule huteleza chini kwenye mpini mpaka ukutane na mwenzake. Hakuna aliyemfundisha darasani, lakini ndani ya kitendo hicho kimoja kuna sura nzima ya fizikia. Kitu kikiwekwa mbali mara mbili kutoka mahali kinapozungukia, ugumu wa kuanza kukizungusha huwa mara nne. Kwa hiyo wakati wa kuinua anakiweka kichwa karibu, kikawa chepesi. Wakati wa kushusha anakiacha kiende mbali, kikapata kasi kubwa. Tena angalia mwili wake. Pigo halianzi mkononi. Linaanzia miguuni na nyongani, linapanda kiunoni, linapita mabegani, halafu mikono, na mwisho kabisa viganja, na kila kiungo kikimaliza kazi yake hupunguza mwendo na kumkabidhi mwenzake aliye mbele. Ni kama mjeledi: kishikio kinatulia, ncha inaruka. Wataalamu wa besiboli wamepiga picha za kasi na kuonesha kwamba mpigaji bora hufanya hivyohivyo. Ndiyo sababu mzee mwembamba anaweza kumaliza rundo la kuni, na kijana aliyetuna misuli akaishia kulowa jasho na malengelenge. Kijana anapiga kwa mikono. Mzee anapiga kwa ardhi anayoikanyaga.

Jambo la tatu huwashangaza wengi. Pigo linapotua, mikono haina kazi tena. Tuseme shoka letu la mita 10 kwa sekunde limezama sentimita tatu ndani ya gogo na kusimama. Muda wa kusimama ni kama elfu sita za sekunde, yaani sehemu sita kati ya elfu moja. Kwa muda huo mti umepokea kwa wastani kani inayolingana na uzito wa kilo 250. Hakuna mkono wa binadamu unaoweza kutoa kani hiyo, wala hakuna mshipa wa fahamu unaoweza kupeleka habari ubongoni na kurudi na amri kwa haraka hiyo. Kwa mpira na gongo muda ni mfupi zaidi, haufiki hata elfu moja ya sekunde. Kazi yote imekwishafanyika kabla. Kukaza meno na kubana mpini wakati wa kugonga ni kujichosha bure, na tena ni kujiletea maumivu, kwa sababu mkono uliokazwa hupokea mtikisiko wote.

Jirani yangu mmoja, mzee mchonga mipini ambaye jina lake nalihifadhi, aliniambia jambo hilo siku moja nilipokuwa namtazama. Alisema, "Mwalimu, shoka halipigwi. Shoka hupelekwa, kisha huachwa lifike." Nikamwuliza alijifunza wapi. Akanijibu, "Kwa mama, kwenye kinu." Nikaelewa. Wanawake wawili wakitwanga kwa zamu, mchi huachiwa kidogo kabla haujagonga, na yule fundi zaidi huweza hata kupiga kofi kabla ya kuudaka tena. Hiyo si mbwembwe tu. Wanajua kwamba mchi ukishapewa mwendo hauhitaji mkono mpaka utakapopaswa kuinuliwa.

Jambo la nne ni ule mwasho wa viganja. Kila aliyelima anajua kwamba pigo moja linaweza kuingia laini kama kisu kwenye siagi, na jingine likautikisa mkono mpaka begani. Tunasema ni bahati. Si bahati. Chukua fimbo iliyonyooka, yenye unene sawa, ya urefu wa sentimita 90. Ishike kwa ncha moja na uigonge kwenye nguzo. Ukigongesha ncha ya mbali, kiganja kinavutwa upande mmoja. Ukigongesha karibu na mkono, kinasukumwa upande wa pili. Lakini ukigongesha theluthi mbili kutoka mkononi, yaani sentimita 60 hivi, kiganja hakisukumwi wala hakivutwi. Kuna pia mtetemo wa fimbo yenyewe, ambao hutulia katika sehemu mbili, kila moja umbali wa zaidi kidogo ya moja ya tano ya urefu kutoka kila ncha. Baganda wamelijua hilo bila kuandika: vipande vya mbao vya amadinda hulazwa juu ya vigogo vya migomba mahali pale ambapo mbao haitetemi, ili sauti isizimwe. Kwenye gongo la besiboli sehemu hizo tulivu zimejikusanya karibu karibu, na wachezaji huitafuta kwa maisha yao yote, maana mpira ukigongwa hapo huenda mbali na mkono hausikii kitu.

Sasa geukia jembe. Likiwa limefungwa vizuri kwenye mpini wa kiasi chake, uzito karibu wote umekusanyika kwenye chuma, na kwa hiyo mahali pale patulivu panaangukia kwenye chuma chenyewe, ndipo hasa linapogusa udongo. Likiwa limelegea, au mpini ni mnene kupita kiasi huko mbele, au jembe limefungwa kwa pembe isiyofaa, pigo linahama, na mkulima anakula mtikisiko huo mara elfu kwa siku. Kabari ndogo ya mti kwenye tundu la jembe si pambo. Mpini wa mpera wenye nyuzi ndefu zilizonyooka si ubishoo. Mambo haya ndiyo yanayoamua kama mtu atarudi nyumbani akiwa na viganja au vidonda.

Nimefika kwenye shtaka langu, na nalitoa kwa shule zetu, kwa sababu mimi mwenyewe nimekula mshahara wa ualimu na nayasema ninayoyajua.

Mwaka 1967 Mwalimu Nyerere alitoa waraka wake wa Elimu ya Kujitegemea. Pamoja na mengine alitaka shule iwe na shamba, na shamba liwe sehemu ya masomo: wanafunzi wajifunze kwa kutenda, wapime, walinganishe, waone matokeo. Jembe likaingia shuleni. Lakini tazama tulivyolipokea. Hatukuliingiza mlango wa darasa, tuliliingiza mlango wa adhabu. Mwanafunzi akichelewa, alime. Akizungumza darasani, ang'oe kisiki. Akishindwa swali la fizikia, akalime robo eka, yaani tunamwondoa kwenye fizikia ya ubaoni na kumpeleka kwenye fizikia ya shambani, bila yeye kujua na bila sisi kumwambia, kisha tunasema amekwenda kuadhibiwa! Katika shule moja niliyofanya kazi, ambayo sitaitaja, majembe yaliyokuwa stoo yalikuwa na mipini iliyovunjika ikachongwa upya mpaka mingine ilipungua urefu wa mkono. Nilipoomba mipini mipya nilijibiwa kwamba adhabu ikiwa raha haitakuwa adhabu. Sentensi hiyo naikumbuka mpaka leo, kwa sababu ndani yake kuna ugonjwa wetu wote.

Kwa hiyo mtoto wetu anajifunza mambo mawili kwa pamoja. Anajifunza kwamba jembe ni fedheha, silaha ya kumshusha mtu. Na anajifunza kwamba fizikia ni kitu cha nchi nyingine, maana kitabu kinamweleza momenti na nishati kwa mfano wa mcheza kriketi na mpiga gofu, tena kwa Kiingereza, lugha ambayo sekondari zetu hufundishia somo hilo, naye hajapata kumwona mtu wa gofu kwa macho. Anakariri kanuni usiku, asubuhi anaitumia kanuni hiyohiyo kwenye kisiki, na vitu hivyo viwili havikutani kichwani mwake hata siku moja. Halafu matokeo yakitoka tunashangaa kwa nini fizikia inakimbiwa. Inakimbiwa kwa sababu tumeificha. Ngao ya Taifa letu ina shoka na jembe vilivyopishana. Bendera ya chama kilichozaliwa mwaka 1977 ina jembe na nyundo. Tumevichora vitu hivi kila mahali isipokuwa kwenye daftari la fizikia.

Asidhani mtu kwamba nagombana kwa ajili ya heshima peke yake. Kuna miili ya watu hapa. Zaidi ya nusu ya uzito wa mtu iko juu ya kiuno. Mwanamke wa kilo 60 akiinama mpaka mgongo ukalala, anaegemeza mbele kiwiliwili, kichwa na mikono, kiasi cha kilo 38 au zaidi, kwa umbali wa kama sentimita 30 kutoka chini ya uti wa mgongo. Misuli inayomzuia asianguke kifudifudi iko sentimita kama 5 tu nyuma ya pingili. Ni mzani wa kuonewa: sita kwa moja. Misuli na kano hizo zinavuta kwa kani inayozidi uzito wa kilo 200, kabla hajainua hata jembe. Mpe mpini mrefu zaidi, asimame wima kidogo, na mzigo ule unapungua hapohapo.

California waliliona hili kwa uchungu. Wafanyakazi wa mashamba ya mboga huko walilazimishwa kutumia jembe la mpini mfupi, wenyewe wakiliita el cortito, yaani kafupi. Wenye mashamba walidai kwamba mpini mfupi humfanya mtu aikate miche kwa uangalifu. Na msimamizi naye aliweza kutupa jicho na kuona nani kainuka kupumzika. Madaktari wakatoa ushahidi juu ya migongo iliyoharibika, mawakili wakasimama, na mwaka 1975, baada ya uamuzi wa mahakama kuu ya jimbo, jembe lile likapigwa marufuku. Mboga hazikuharibika. Basi ikiwa mpini wa jembe umeweza kufika mbele ya majaji, iweje kwetu atakayeuzungumzia aambiwe mchagua jembe si mkulima?

Najua hoja zitakazoletwa dhidi yangu, na sizikwepi.

Wa kwanza atasema, jembe la mkono ni la kupelekwa makumbusho. Habari ni trekta. Mwaka 2009 tulitangaziwa Kilimo Kwanza, na mwaka 2015 Umoja wa Afrika ulianzisha kampeni yake ya kuliaga jembe la mkono. Mimi sina ugomvi na trekta. Atakayeleta trekta litakalopanda mteremko wa Vugiri bila kubiringika mpaka kwenye mkonge chini, nitamchinjia mbuzi. Mpaka siku hiyo, mama wa hapa analima kwa jembe, na kesho asubuhi atalima kwa jembe. Kumwambia asubiri trekta huku mgongo unavunjika ni sawa na kumwambia mgonjwa asubiri hospitali itakayojengwa. Tena huko makumbusho jembe litawekwa na nani, na kwa maelezo gani, ikiwa hatujui lilivyofanya kazi?

Wa pili atasema, mwalimu anatukuza umaskini na kazi ngumu. Hapana. Anayetukuza kazi ngumu ni yule anayesema nguvu zinatosha. Mimi natafuta namna kazi ile iwe na jasho dogo, na hakuna fizikia yenye lengo jingine.

Wa tatu, ambaye ndiye msomi, atasema kwamba mzee mchonga mipini hajui fizikia, anajua mazoea. Huyu ananipa taabu kidogo, kwa sababu ana sehemu ya kweli. Mazoea peke yake hayatoshi. Mzoefu anaweza kurithi kosa sawasawa na anavyorithi ujuzi. Kuna mipini mifupi inayochongwa hivyo kwa sababu tu baba alichonga hivyo. Ni kweli pia kwamba mteremkoni, ukilima ukitazama juu, udongo uko karibu na uso, na mpini mrefu mno unakuwa kero. Kumbe hata urefu una kipimo chake kwa kila mahali, na anayeweza kukitafuta ni yule anayepima. Ndiyo maana nataka vitu hivi viwili vikutane. Mzee aje na mkono wake, mwalimu aje na rula na mizani, na mwanafunzi awe katikati yao. Leanhardt naye hakubuni umbo la gongo kwa kujifungia na kanuni zake. Yeye na wenzake walitazama kwanza mahali ambapo wapigaji hugonga mpira kweli. Elimu ilikwenda kwa mtenda kazi, ikamwuliza, ikamsikiliza, kisha ikarudi na kitu.

Ninayoyataka ni machache, wala hayahitaji mfadhili. Nataka jembe litolewe kwenye orodha ya adhabu katika kila shule, leo, kwa waraka wa mstari mmoja. Adhabu zipo nyingine, na walimu si wachache wa kuzibuni. Nataka kila mwalimu wa fizikia awe na shoka, jembe, mchi, mizani na kamba ya kupimia, na atumie kipindi kimoja tu, nje ya darasa, kutafuta pamoja na wanafunzi mahali patulivu pa fimbo, na kulinganisha mpini mrefu na mfupi mikononi mwa watu wa vimo tofauti. Nataka mchonga mipini alipwe posho kwa siku hiyo kama anavyolipwa mgeni rasmi, na aitwe fundi, si "huyu mzee wetu". Na nataka mume anayekwenda sokoni Korogwe kununua jembe amchukue mkewe, kwa sababu mgongo utakaoinama ni wa mke. Alishike, alipime kwa kimo chake, alirudishe kama halimfai, na muuzaji asimcheke.

Akicheka, na aambiwe kwamba huko Marekani wanaochagua kijiti hulipwa mamilioni ya dola. Mama huyu anachagua chuma kitakacholisha watoto wake mwaka mzima, naye ana haki ya kusimama hapo dukani muda wote anaoutaka, aguse moja baada ya jingine, mpaka apate lililo lake.